Deni la Mwanzo: Utatuzi wa Msuko katika Filamu ya The Matrix Revolutions

Utangulizi

Mtunzi wa hadithi huwa huru zaidi mwanzoni. Anaweza kumzaa shujaa wake ikulu au jalalani, akaifungua hadithi kwa harusi au kwa mazishi, na hadhira itamfuata. Kadiri hadithi inavyosonga mbele ndivyo uhuru huo unavyopungua, hata afikapo mwishoni akajikuta amefungwa na kila alichokwisha kukisema. Wataalamu wa fasihi simulizi wanaifahamu vyema hali hii. Fanani anapotamka "Paukwa!" na hadhira ikaitikia "Pakawa!", mapatano yamekwisha kufungwa baina yao: hadhira imetoa muda na imani yake, naye fanani amelichukua jukumu la kuifikisha mahali. Ahadi ni deni, na deni la usimulizi hulipwa katika utatuzi wa msuko.

Makala haya yanachunguza deni hilo katika filamu ya The Matrix Revolutions, iliyotolewa tarehe 5 Novemba 2003 ikiwa sehemu ya tatu na, kwa wakati huo, ya mwisho ya mfululizo wa bunilizi ya kisayansi uliopendwa mno. Wengi walioishangilia sehemu ya kwanza waliipokea sehemu hii kwa masikitiko. Swali linaloulizwa hapa ni iwapo masikitiko hayo yanaweza kuelezwa kwa vigezo vya uhakiki, au ni suala la mapenzi ya mtu tu. Makala yanashikilia kwamba yanaweza kuelezwa. Hoja kuu ni kuwa filamu hii ililipa deni ambalo mfululizo haukulikopa hapo awali, ikaliacha lile lililokopwa mwanzoni. Filamu ni sanaa ya picha, lakini husimulia. Kwa hiyo hupimika kwa mizani ile ile ya msuko, wahusika na dhamira inayotumiwa kupimia riwaya na tamthilia.

Aina Mbili za Mfululizo

Kabla ya kuiingilia filamu yenyewe, inafaa kutofautisha aina mbili za mfululizo wa kisimulizi. Katika aina ya kwanza, mhusika ni mmoja lakini visa vinajitegemea. Mfano ulio karibu na msomaji wa Kiswahili ni riwaya za Muhammed Said Abdulla zinazomhusu mpelelezi Bwana Msa. Fumbo la Mzimu wa Watu wa Kale (1960) hufumbuliwa ndani ya kitabu hicho hicho, na msomaji wa Kisima cha Giningi (1968) hahitaji kubeba deni lolote kutoka kitabu kilichotangulia. Kitabu kimoja kikidhoofika, vingine havidhuriki.

Katika aina ya pili, kisa ni kimoja kilichokatwa vipande. Hapa sehemu ya mwisho hubeba mzigo wa sehemu zote, na ikiyumba huyumbisha hata zile zilizokuwa zimesimama imara. Hatari huwa kubwa zaidi pale ambapo sehemu ya kwanza ilikuwa imekamilika, kisha ikafunguliwa upya ili irefushwe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa The Matrix.

Ahadi ya Sehemu ya Kwanza

The Matrix ilitolewa mwezi wa Machi 1999. Waandishi na waongozaji wake ni ndugu wawili wa Marekani, Lana na Lilly Wachowski. Nguli wake ni Thomas Anderson, mtaalamu wa programu za tarakilishi ambaye usiku hujiita Neo na kupenya katika mitandao kwa siri. Anatafutwa na Morpheus, kiongozi wa waasi, ambaye anampa hiari ya kuchagua kidonge cha buluu ama chekundu. Anakimeza chekundu, naye anazinduka na kugundua kwamba dunia aliyoishi ni ndoto iliyobuniwa na mashine. Miili ya wanadamu imelazwa katika vyombo vya majimaji ikifyonzwa nishati, huku akili zao zikiamini kwamba zinaishi mjini, zinafanya kazi na kulipa kodi.

Nguvu ya msuko huu inatokana na swali lake. Ni swali la kale, lililomo katika mfano wa pango wa Plato, ambamo wafungwa huona vivuli ukutani wakadhani ndiyo dunia. Filamu yenyewe inadokeza mwingilianomatini mwingine: Neo huficha bidhaa zake za magendo ndani ya nakala ya kitabu cha mwanafalsafa Mfaransa Jean Baudrillard, nakala ambayo ndani yake imetobolewa ikawa kasha. Baudrillard mwenyewe alisema baadaye kwamba watunzi hao hawakumwelewa. Hata hivyo, kwa mtazamaji wa kawaida kitabu kisicho na kurasa kilikuwa ishara tosha ya dunia isiyo na kiini.

Lakini swali la ukweli ni nini halikusimama peke yake. Liliambatana na swali la watu. Katika onyesho la mafunzo, Morpheus anampitisha Neo katika barabara iliyojaa wapita njia, akamweleza kwamba hao ndio wanaopiganiwa, ingawa wengi wao wangali watetezi wa mfumo unaowafunga. Kisha katika onyesho la mwisho, Neo anazipigia simu mashine na kuziarifu kwamba atawaonyesha watu kile zisichotaka wakione, yaani dunia isiyo na mipaka zilizoiweka. Anaikata simu, anatembea katikati ya umati, anapaa.

Hii ndiyo ahadi. Ni mkopo uliochukuliwa mbele ya watazamaji wote, na waliokopewa wanajulikana: ni wale wapita njia. Filamu ilituzwa Oscar nne, zikiwemo za uhariri na madoido ya picha, lakini kilichowafanya watu waizungumzie kwa miaka mingi si madoido pekee. Kila mtazamaji alitoka ukumbini akijiuliza iwapo yeye mwenyewe ni miongoni mwa waliolala.

Mzigo wa Sehemu ya Pili

The Matrix Reloaded ilitoka Mei 2003, miezi sita tu kabla ya sehemu ya tatu. Filamu hizi mbili zilipigwa kwa pamoja. Sehemu hii iliongeza madeni mawili juu ya lile la kwanza.

Deni la kwanza liko katika mazungumzo ya Neo na Architect, msanifu aliyeubuni ulimwengu wa ndoto. Msanifu anamfunulia kuwa yeye si mteule wa kwanza bali wa sita, na kwamba Zion, mji wa chini ya ardhi wa wanadamu walioamka, umekwisha kuangamizwa mara tano. Kumbe hata uasi ni sehemu ya mfumo. Huu ni ugeuzi hodari wa msuko, kwa sababu unaiweka mashakani dhana yenyewe ya ujagina. Jagina aliyetabiriwa afanye nini akigundua kwamba utabiri ulitungwa na adui?

Deni la pili linakopwa dakika za mwisho. Neo, akiwa nje ya ndoto, katika dunia inayoaminika kuwa ya kweli, anainua mkono na kuziangusha roboti zinazomfuata. Taharuki ilikuwa kubwa. Ikiwa ana miujiza hata huku, je, huku nako si ndoto? Watazamaji waliikalia fikira hiyo miezi sita. Sehemu ya tatu inawajibu kwa sentensi chache tu kupitia kwa Oracle, mwaguzi wa hadithi hii: nguvu za mteule huvuka mipaka ya ndoto na kufika hadi kwenye chimbuko la mashine. Hayo ni maelezo, lakini si utatuzi. Utatuzi hutendeka mbele ya hadhira. Maelezo hutajwa yakapita.

Aidha, msuko ulitawanywa nje ya filamu. Mkusanyiko wa katuni uitwao The Animatrix na mchezo wa tarakilishi uitwao Enter the Matrix, vyote vya mwaka 2003, vilibeba sehemu za kisa. Kijana anayeitwa Kid, ambaye katika sehemu ya tatu anapewa jukumu zito vitani, historia yake imo katika katuni. Mwigizaji Gloria Foster, aliyeigiza Mwaguzi, alifariki mwaka 2001, na nafasi yake ikachukuliwa na Mary Alice. Msiba haumlaumu mtu, na watunzi walijitahidi kuufuma ndani ya kisa, lakini habari za badiliko hilo nazo zilisambazwa hadi katika mchezo wa tarakilishi. Mtazamaji aliyelipia tiketi peke yake akawa mfano wa msomaji aliyeuziwa riwaya yenye kurasa zilizonyofolewa.

Vita Vilivyolimeza Swali

Sehemu ya tatu inaanza kwa namna ya kutia moyo. Neo amekwama katika kituo cha treni kilicho baina ya ulimwengu wa ndoto na ule wa mashine. Hapo anakutana na familia ya Rama-Kandra, mkewe Kamala na binti yao Sati. Wote watatu ni programu. Wazazi hao wanamtorosha mtoto wao asifutwe, kwa kuwa hana kazi aliyoundiwa. Neo anashangaa kusikia programu ikitaja mapenzi, na Rama-Kandra anamweleza kwamba neno ni neno tu. La maana ni ule uhusiano linaoutaja. Katika onyesho hili fupi, mpaka kati ya mtu na mashine unatikisika. Hapa palikuwa na mbegu ya mwisho mwema.

Mbegu hiyo inaachwa. Msuko unahamia Zion, ambako mashine za kuchimba zinatoboa dari na maelfu ya roboti zenye minyiri kama ya pweza zinamiminika. Kapteni Mifune na askari wake wanapigana wakiwa ndani ya majitu ya chuma. Zee anatengeneza makombora akimsubiri mumewe, Link. Niobe anakiendesha chombo katika mapito membamba ajabu. Kiufundi, mapambano haya yanastahili sifa. Tatizo ni uamili wake katika kisa. Katika sehemu ya kwanza Zion ni jina linalotajwa tu. Hauonekani hata mara moja. Mtazamaji ameufahamu mji huo kwa miezi sita, ilhali waliolala amewafahamu kwa miaka minne. Kwa muda mrefu filamu inamtaka alilie mji huku ikimnyima habari za wale aliowalilia tangu awali.

Athari kwa wahusika ni dhahiri. Neo hayupo kabisa katika vita hivyo. Morpheus, mwalimu aliyeubeba mzigo wa imani katika sehemu ya kwanza, ambaye katika sehemu ya pili anaambiwa kuwa utabiri wake ulikuwa hila, anastahili onyesho la kupambana na imani iliyovunjika. Badala yake ameketi kando ya Niobe akimsaidia kuendesha chombo. Trinity naye aliuawa na kufufuliwa katika sehemu ya pili. Anapokufa tena katika sehemu ya tatu, hadhira imekwisha kufundishwa kwamba kifo chake si cha kuaminika. Uchungu wa kifo cha mhusika huhitaji kufika mara moja.

Mungu wa Mtambo

Neo, akiwa amepofushwa, anafika katika mji wa mashine na kukutana na uso mkubwa unaoundwa na kundi la mashine ndogo. Jina la mhusika huyu ni Deus Ex Machina, istilahi ya Kilatini yenye maana ya mungu atokaye katika mtambo. Katika tamthilia za Wayunani, mungu aliteremshwa jukwaani kwa winchi ili akate shauri ambalo wahusika wameshindwa kulikata. Aristotle aliukemea mtindo huo katika Poetics. Alisisitiza kwamba utatuzi sharti uchipuke ndani ya msuko wenyewe, akatoa mfano wa Medea ya Euripides kuwa kosa la aina hiyo.

Yamkini watunzi walilichagua jina hilo kwa kejeli, wakijua wafanyalo. Hata hivyo, kulitaja kosa kwa jina lake hakulifanyi lisiwe kosa. Mhusika huyu haonekani popote katika sehemu mbili za kwanza. Neo anamwahidi kumwangamiza Smith, ajenti wa zamani wa mfumo aliyeasi na kujizidisha hata akatishia mashine zenyewe. Kwa malipo, anadai amani. Shauri linakatwa kwa dakika chache. Kisha katika pambano la mvuani Neo anakubali amezwe na Smith, mashine zinampitishia nguvu mwilini mwake, na Smith wote wanasambaratika.

Wazo la jagina kushinda kwa kukubali kushindwa ni wazo zito. Lakini hadhira haijaandaliwa. Mashine zilizowafuga wanadamu kwa karne nyingi zinaheshimu vipi mapatano ya mdomo? Neo alijifunza lini kwamba adui anaweza kuaminiwa? Jibu lilikuwepo katika kituo cha treni, kwa Rama-Kandra na binti yake, ila filamu ililiacha huko.

Waliolala

Lililo zito kuliko yote ni hatima ya waliokopewa. Kufikia pambano la mwisho, Smith amemgeuza kila mkazi wa mji kuwa nakala yake. Wanasimama kwa maelfu kando ya barabara, kwenye mvua, wakitazama. Kila mmoja wao alikuwa mtu, miongoni mwa wale ambao Morpheus alimwonyesha Neo katika mafunzo. Filamu haijishughulishi nao. Wamekuwa pambo la jukwaa.

Kisha linakuja onyesho la kufungia. Mji umezaliwa upya, kumepambazuka. Kwenye bustani wanaonekana Mwaguzi, Msanifu, mtoto Sati na Seraph, mlinzi wa Mwaguzi. Wahusika wote wanne ni programu. Hamna binadamu hata mmoja. Mwaguzi anauliza juu ya wale watakaotaka kutoka, naye Msanifu anamjibu kwamba wataachiliwa. Sati anaonyesha mapambazuko aliyoyabuni kwa ajili ya Neo, na filamu inakwisha.

Basi ahadi ya simu ya mwaka 1999 imelipwa kwa sentensi mbili, zilizosemwa na programu mbili, wenye haki hawapo. Haonyeshwi mtu yeyote akifumbua macho. Hakuna mpita njia anayesimama ghafla na kujiuliza. Tukio la kuzinduka, lililoifanya sehemu ya kwanza isisahaulike, halirudiwi hata mara moja katika sehemu iliyopaswa kuwa ya ukombozi. Katika lugha ya fasihi simulizi, fanani ameifunga hadithi akiwa ameipa hadhira kisogo.

Hoja za Utetezi

Haki ya uhakiki inadai upande wa pili usikizwe. Wapo wanaoitetea filamu hii kwa kusema kwamba suluhu ni mwisho wa kiutu kuliko maangamizi, na kwamba masikitiko ya watazamaji yalitokana na kiu ya ushindi. Hoja hii ina uzito. Ni nadra bunilizi ya kisayansi yenye mapigano mengi kumaliza vita bila kumfuta adui. Aidha, onyesho la Trinity akipaa juu ya mawingu na kuliona jua kwa mara ya kwanza, dakika chache kabla ya kifo chake, ni taswira isiyohitaji maneno.

Hata hivyo, utetezi huu unathibitisha hoja ya makala haya badala ya kuipinga. Mwisho wa suluhu si mbaya, ulinyimwa maandalizi. Wala si kweli kwamba watazamaji hawavumilii mwisho usiofunga kila kitu. Wasomaji wa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi hawapewi jibu la mwisho kuhusu ukweli, lakini hawahisi kudhulumiwa, kwa kuwa riwaya hizo hazikuahidi jibu. Ziliahidi safari ya utafutaji, nazo zinalishikilia swali lao hadi ukurasa wa mwisho. Mwisho wazi na deni lisilolipwa ni vitu viwili mbalimbali. Wa kwanza huliacha swali likiwa hai, ilhali wa pili hulisahau.

Mapato si kigezo cha uhakiki, lakini ni dalili. Sehemu ya pili ilipata takriban dola milioni 740 duniani. Ya tatu, miezi sita baadaye, takriban milioni 427. Hata watunzi hawakuwa wamemalizana na kisa. Desemba 2021 Lana Wachowski alitoa The Matrix Resurrections, ambamo Neo na Trinity wanarejeshwa hai, na wanadamu wengi wangali wamelala ndani ya ndoto. Filamu ya nne isingekuwa na pa kuanzia kama ya tatu ingekuwa imelipa.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba udhaifu wa The Matrix Revolutions ni wa kimsuko kabla ya kuwa wa kimaudhui. Filamu ilibadilisha swali. Sehemu ya kwanza iliuliza nani atawaamsha waliolala. Ya tatu ikajibu kama Zion utasalimika. Jibu linaweza kuwa sahihi lisifae kitu, ikiwa si jibu la swali lililoulizwa.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, funzo ni la kimbinu. Anapohakiki mwisho wa kazi, asianze na mwisho. Arudi kwenye sura za mwanzo, aorodheshe ahadi zilizotolewa, abainishe zilitolewa kwa nani, ndipo aulize zimelipwa wapi na kwa tendo gani. Kwa njia hiyo masikitiko yake yatageuka hoja. Kwa mtunzi chipukizi, funzo ni kwamba hadhira husamehe mengi, hata kifo cha shujaa. Lisilosameheka kwa wepesi ni kusahauliwa na yule aliyewaita waitikie.

Maswali ya Kujadili

1. Tofautisha mwisho wazi na mwisho usiokamilika, ukirejelea riwaya mbili za Kiswahili ulizozisoma.

2. "Utatuzi sharti uchipuke ndani ya msuko." Jadili kauli hii kwa kurejelea ngano moja ya Kiafrika ambamo nguvu za kimiujiza huingilia kati mwishoni.

3. Andika upya, kwa muhtasari, onyesho la kufungia la The Matrix Revolutions kwa namna itakayolipa ahadi ya sehemu ya kwanza bila kuiondoa suluhu.